Bomba ya moshi yenye kuziba ni hatari kuliko kukosa bomba

MITWABA – Mwezi wa sita ukiingia, baridi ya milima ya Kibara inashuka mapema. Hata Lubumbashi, usiku wa mwezi wa saba, joto linaweza kushuka chini ya digri 10. Mitwaba, huku juu kwenye milima, mtu anajifunika blanketi mbili na bado anatetemeka. Saa hiyo njo kila familia inatafuta namna ya kupasha nyumba moto. Wengine wanaingiza mbabula ya makala mu chumba. Wengine, wenye wako na jiko la matofali ao la chuma lenye bomba ya moshi, wanawasha moto, wanafunga mlango na madirisha, kisha wanalala bila wasiwasi.

Hawa wa pili njo habari hii inawahusu zaidi. Wanaamini bomba yao: iko pale, inatoka juu ya paa, basi kila kitu ni salama. Lakini bomba yenye haijasafishwa tangu mwaka jana inaweza kuwa imejaa masizi, majivu ao kiota cha ndege. Mtu asiye na bomba anakohoa, macho yanamuuma, anafungua mlango. Mwenye bomba yenye kuziba amekwisha kufunga kila kitu. Kwa hiyo hatari yake inaweza kuwa kubwa zaidi, na yeye hajui.

Bomba inafanya kazi namna gani

Hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi, na kwa hiyo inapanda. Mu bomba, hewa yenye imepashwa na moto inapanda na kutoka juu, na nyuma yake inavuta hewa mpya kuingia mu jiko. Hewa hii mpya njo inalisha moto. Bomba basi iko na kazi mbili: kutoa moshi, na kuvuta hewa yenye moto unahitaji.

Bomba ikiziba, kazi zote mbili zinakufa pamoja. Moshi unarudi mu nyumba, na moto unakosa hewa. Moto wenye kukosa hewa hauungui vizuri. Unatoa hewa ya sumu yenye wataalamu wanaita monoksidi ya kaboni. Hewa hii haina rangi, haina harufu, haiumi macho. Makala yakiwa mekundu vizuri hayana moshi wa kuonekana, lakini yanatoa hewa hii kwa wingi. Kwa hiyo yule anayesema "makala yamekwisha kushika, hakuna tena moshi, tunaweza kuingiza" anajidanganya.

Masizi yanatoka wapi

Kuni zikiungua, sehemu moja inageuka moto, ingine inageuka majivu, na ingine inapanda na moshi bila kuungua kabisa. Moshi huo ukifika sehemu ya juu ya bomba, kule kwenye baridi, unaganda kwenye ukuta wa bomba sawa mvuke inavyoganda kwenye mfuniko wa sufuria. Kwanza ni masizi makavu, meusi, mepesi. Yakiachwa, yanakuwa mazito na yenye kunata sawa lami. Lami hiyo inashika moto. Siku moja jiko likichochewa sana, bomba yenyewe inaanza kuungua ndani, na joto linaweza kupita digri 1,000. Kwa nyumba ya manyasi, hiyo inatosha kumaliza paa yote.

Kuni mbichi njo zinaleta lami nyingi zaidi, juu moto unapoteza nguvu kwa kukausha maji kwanza. Kuni nzuri ni zile zenye zimepasuliwa na kukaa pakavu miezi mingi, mpaka zinapasuka kwenye ncha na kulia zikigonganishwa. Makala yanaleta masizi kidogo kuliko kuni, lakini yanaleta majivu mengi mepesi, na majivu hayo yakikutana na unyevu wa mvua yanakula bati la bomba.

Na jiko la peleti?

Peleti ni vipande vidogo vya unga wa mbao wenye umekaushwa na kubanwa kwa mashini. Mara nyingi unene wake ni milimeta 6, na unyevu wake hauzidi 10 kwa 100. Kwa wakaaji wengi wa Haut-Katanga bado ni kitu kigeni, lakini hakiko mbali. Zambia, kampuni ya Emerging Cooking Solutions inauza peleti na majiko yake kwa jina la SupaMoto. Rwanda, upande wa Gisenyi karibu na Goma, kampuni ya Inyenyeri ilifanya kazi ya namna hiyo mpaka iliposimama mwaka 2020. Mahali penye miti ya kuchoma makala inazidi kwenda mbali na mji, kubana unga wenye unabakia kwa wapasua mbao ni wazo lenye kufaa kufikiriwa.

Hayo majiko madogo ya kupikia ya Zambia na Rwanda hayana bomba. Yako na feni ndogo yenye kusukuma hewa ili moshi uungue wote. Hata hivyo yanahitaji jikoni yenye hewa. Ni jiko kubwa la peleti la kupasha nyumba, lile lenye ndugu wengi walio Ubelgiji, Ufaransa ao Italia wanalo, njo lina bomba. Ndani yake kuko parafujo yenye kuleta peleti kidogo kidogo, na feni ya umeme yenye kusukuma moshi nje. Bomba yake ni nyembamba, mara nyingi kati ya milimeta 80 na 100, na kwa hiyo inaziba mbio. Haileti lami nyingi sawa kuni mbichi. Inaleta majivu laini sawa unga, yenye yanakaa kwenye kona na sehemu za kulala za bomba.

Kule Ufaransa, sheria inaomba bomba ya moshi isafishwe angalau mara moja kwa mwaka, na kampuni za bima zinauliza karatasi ya fundi nyumba ikiungua. Mitwaba hakuna mtu atakuja kuuliza karatasi. Kila mwenye nyumba ni lazima ajiulize mwenyewe.

Alama zenye kuonyesha kama bomba imejaa

Bomba haijazi siku moja. Inatoa alama mbele:

– Moshi unarudi mu nyumba ukifungua mlango wa jiko, hata kama hakuna upepo.
– Moto unawaka pole, rangi yake ni ya machungwa yenye giza, na kuni zinabakia nyeusi bila kuisha.
– Jiko la peleti linazimika lenyewe, ao kioo chake kinakuwa cheusi mbio kuliko siku zote.
– Masizi meusi yanaanguka mu jiko, ao maji meusi yanatiririka kwenye maungio ya bomba.
– Watu wa nyumba wanaamka na kichwa kuuma, kisha wakitoka nje kinapungua.

Alama ya mwisho njo mbaya kuliko zote. Mwenye kuiona asingoje hata siku moja: azime moto, afungue nyumba yote, alale bila jiko mpaka bomba isafishwe.

Namna ya kusafisha, hatua kwa hatua

1. Zima moto na ungoja. Jiko lipoe usiku mzima ao zaidi. Kwa jiko la peleti, ondoa waya ya umeme kwenye ukuta. Ukilizima na kifungo tu, feni inaweza kuanza tena. Majivu yenye yanaonekana yamekufa yanaweza kuficha kaa la moto siku 2 ao 3. Yatie mu ndoo ya chuma yenye mfuniko, iwekwe nje mbali na ukuta. Usiyatie mu karto, mu mfuko ao karibu na makala.

2. Jikinge. Masizi si uchafu wa kawaida. Mwaka 1775, daktari wa London, Percivall Pott, alionyesha kama wavulana wenye walifanya kazi ya kusafisha mabomba ya moshi waliugua kansa ya ngozi juu ya masizi. Ilikuwa moja ya mara za kwanza dunia kujua kama kazi inaweza kuleta kansa. Kwa hiyo: kitambaa chenye maji kidogo kwenye pua na mdomo, nguo za zamani zenye mikono mirefu, kitu cha kufunika macho. Watoto wasiingie. Chakula na maji ya kunywa vitolewe. Tandika gunia ya zamani ao plastiki chini ya jiko. Ukimaliza, oga na sabuni mbele ya kubeba mtoto.

3. Ondoa bomba kama inaondoka. Bomba ya mabati yenye maungio ni rahisi kusafisha nje mu parseli kuliko juu ya paa. Mbele ya kufungua, piga alama na kaa kwenye kila ungio, ili kila kipande kirudi nafasi yake. Usipige bomba na nyundo: bati lenye kuliwa na majivu linatoboka.

4. Pitisha burosi. Burosi nzuri ni ya duara, yenye upana sawa na bomba. Isiwe ndogo ya kupita hewani, wala kubwa ya kukwama. Kama haiko, funga nyuzi ngumu za ufagio kwenye ncha ya mti mrefu wa mianzi, mpaka zijaze bomba. Waya ngumu isitumike kwa bati jembamba. Piga kwenda na kurudi, usizungushe ovyo, mpaka hakuna kitu kinaanguka tena.

5. Usisahau kona. Majivu yanapenda kukaa penye bomba inapinda. Bomba nyingi za jiko la peleti ziko na kifuniko kidogo chini ya kona ya kwanza. Kifungue, toa majivu yote, angalia kama kifuniko kinarudi kukaza. Watu wengi wanasafisha bomba ndefu yote na kuacha kona hii, kisha wanashangaa jiko linapozimika tena.

6. Angalia juu. Kofia ya bomba yenye kuzuia mvua iko na nafasi za moshi pembeni. Hizo zinajaa masizi. Wakati wa mvua, jiko lisipowashwa siku nyingi, ndege na manyigu wanajenga ndani. Kama paa si imara, usipande. Mtu kuanguka juu ya paa si bei ya kulipa kwa bomba safi. Tumia mti mrefu kutoka chini ao uite fundi.

7. Tafuta matundu. Usiku, tia tochi yenye kuwaka ndani ya bomba. Ukiona nuru kutoka nje, kuko tundu. Kipande chenye kutoboka kinabadilishwa. Tundu lisizibwe na plastiki ao kitambaa. Maungio ya bomba ya kuni yanaweza kukazwa na udongo wa mfinyanzi. Ya peleti yanahitaji gundi maalum yenye kuvumilia moto, juu feni inasukuma moshi kwa nguvu na moshi unapita kwenye kila upenyo.

8. Rudisha vizuri. Kwa bomba ya kuni, kipande cha juu kinaingia ndani ya kile cha chini, si kinyume. Hivyo maji meusi yanateremka ndani mpaka mu jiko, hayatoki nje kwenye ukuta.

9. Jaribu. Washa manyasi makavu kidogo, milango ikiwa wazi. Moshi upande mara moja. Ukirudi, bomba bado imeziba ao imeunganishwa vibaya. Usilale na moto usiku huo.

Mambo matatu yasifanyike. Usichome manyasi mengi ndani ya bomba ili "kuunguza masizi": hiyo ni kuanzisha moto wenye unataka kuepuka. Usimwange mafuta ya taa ao esansi. Usimwange maji mu bomba ya moto: inapasuka, na mvuke unachoma mtu.

Mara ngapi?

Kwa jiko la kuni lenye kuwashwa kila siku, angalia kila mwezi wakati wa baridi. Masizi yakifika unene wa milimeta 3, ni lazima kusafisha. Kwa jiko la peleti, sahani ya majivu inasafishwa kila siku 2 ao 3, na bomba kila ukimaliza tani 1 ya peleti, ao angalau mara moja kwa mwaka. Wakati mzuri kwa Mitwaba ni mwezi wa ine, mvua ikipungua na baridi ikiwa bado kuingia. Shule, nyumba za masista na restora ndogo zenye kupikia watu wengi zisingoje mwaka. Jiko lao linaungua kazi ya familia kumi.

Penye paa ni ya manyasi, bomba iwe mbali nayo angalau nusu meta, na ncha yake ipande meta 1 juu ya manyasi, na wavu mdogo wa kuzuia cheche. Wavu huo pia unasafishwa, juu unaziba mbele ya kitu kingine chote.

Kama bomba inashika moto, inalia sawa upepo mkali. Toa watu wote nje kwanza. Funga mlango wa jiko na tundu za hewa, mwanga mchanga juu ya moto, lowanisha manyasi ya kando.

"Ni malaria" – ao si malaria?

Wachimbaji wa kasiterite wa Mitwaba wanajua kama hewa ya shimo inaweza kuua mtu bila alama. Uingereza, wachimbaji walikuwa wanashuka na ndege ndogo mu kizimba. Ndege ikianguka, watu wanatoka mbio. Desturi hiyo ilimalizika tu mwaka 1986. Hewa yenye ndege hiyo ilikuwa inalinda watu nayo ni ileile ya mbabula na ya bomba yenye kuziba.

Hewa hii ikiingia mu damu, inashika nafasi ya hewa safi, na inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200. Mtu anapata kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakosa nguvu. Mu eneo lenye malaria nyingi, kila mtu atasema "ni malaria" na kulala tena mu chumba kilekile. Tofauti ni hii: mara nyingi mwili hauna moto, watu wengi wa nyumba moja wanapatwa saa moja, na wakitoka nje wanasikia nafuu. Watoto wachanga na wamama wenye mimba wanaumia zaidi.

Na familia ikikutwa imekufa asubuhi, mlango umefungwa, bila kidonda, bila damu, kuko watu wenye wanaanza kutafuta mchawi. Jirani ao mzee anashutumiwa. Mbele ya kusema jina la mtu, waangalie kwanza: kulikuwa mbabula mu chumba? Bomba ilikuwa wazi?

Ukikuta mtu amepatwa, fungua mlango na madirisha, vuta hewa nje mbele ya kuingia, mtoe mbio, mlaze ubavu. Kama hapumui, mpulizie hewa mdomoni. Mpeleke hospitali, hata kama ameamka, juu anahitaji oksijeni. Maziwa ao mawese hayasaidii: sumu iko mu damu, haiko mu tumbo.

Kwa wenye hawana bomba

Wengi Mitwaba hawana bomba, wako na mbabula tu. Kwao kanuni ni fupi: mbabula inabakia nje. Kama baridi imezidi, pasheni chumba mlango ukiwa wazi, kisha toeni mbabula mbele ya mtu wa kwanza kusinzia. Jiwe ao chupa ya maji ya moto, vikifungwa vizuri na kitambaa, vinapasha kitanda bila kuua mtu.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kama moshi wa majiko mu nyumba ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na kati yao watoto zaidi ya 237,000 chini ya miaka 5. Wengi wao hawakufa usiku mmoja. Walivuta moshi kidogo kidogo, miaka na miaka. Bomba safi inasaidia kwa yote mawili: kifo cha usiku mmoja, na kile cha pole pole.

Burosi, tochi, kitambaa na nusu siku: hiyo njo bei yote ya kazi hii. Mwenye ataifanya mwezi wa ine ataweza kufunga mlango mwezi wa saba na kulala kweli.